Alipona mafua, sasa miguu haimbebi na ndugu wanataka kumtoa wodini

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, simu ina chaji kidogo, nisamehe nikirukaruka. Mimi ni mama wa pacha, Kulwa na Doto, wana miaka sita. Tunakaa Igogo, kule juu kwenye mawe. Mume wangu ana miaka 38, ananunua dagaa Ukerewe na kuuza Mwaloni, Kirumba. Hajawahi kulazwa maishani mwake.

Mwezi uliopita mafua yaliingia nyumbani. Yalianza kwa watoto, yakaja kwake: homa, kikohozi, mwili wote kuuma, akalala ndani karibu wiki nzima. Akapona, akarudi mwaloni. Baada ya siku kadhaa akaanza kusema nyayo zinawaka moto na vidole vina ganzi. Tukasema ni uchovu, si unajua kazi ya kubeba magunia. Jioni moja anapanda kurudi nyumbani, ndala ya kulia ikamvuka na wala hakuhisi. Nilimwona anaingia mlangoni na ndala moja. Kesho yake mawe yale anayoyapanda tangu utotoni yakamshinda, vijana wakamleta mgongoni.

Zahanati tuliyokwenda walimpima malaria, hakuna, wakamchoma sindano za malaria hivyohivyo, wakamtundikia dripu, wakasema apumzike. Siku ya pili yake mikono nayo ikalegea. Hawezi kufunga kifungo cha shati, tonge la ugali linamponyoka. Ndipo tukamleta hospitali kubwa.

Daktari ameandika ugonjwa kwenye karatasi, Guillain-Barré. Anasema unatokana na yale mafua. Anataka kumtoa maji ya uti wa mgongo, na kuna dawa ya mshipa ambayo bei yake sikuweza hata kuirudia kwa mama mkwe. Hapo ndipo vita ilipoanza. Mama mkwe anasema mafua hayajawahi kupooza mtu, kwamba mwanawe ametupiwa jini na yule mshirika wake waliyegombana kwa deni la dagaa. Shemeji mkubwa anasema jirani yao alitolewa maji ya mgongo akafa wiki hiyohiyo. Mwingine anasema ni chanjo ya corona aliyochoma mwaka 2021. Wamekubaliana kesho shemeji aje na gari, asaini, wampeleke kwa mganga ng'ambo ya Sengerema.

Mume wangu analala macho wazi, anasikia kila kitu. Usiku analia, anasema mgongo unamuuma. Tangu jana sauti yake imekuwa ya puani, na leo asubuhi uji ulimpalia mara mbili.

Shangazi, ni kweli mafua yanaweza kufanya hivi? Hayo maji yanaua? Niwaache wamchukue? Na watoto wangu, nao walikuwa na mafua yaleyale, watapooza?

Mama Kulwa, Mwanza

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Wasomaji wajue kwamba Mama Kulwa nilimpigia simu usiku uleule barua ilipofika, kwa sababu ya ile sentensi yake kuhusu uji. Nachapisha kwa ruhusa yake, na yale niliyomwambia kwa haraka nayaeleza hapa kwa utulivu, maana nimekuwa muuguzi miaka mingi na najua yuko mama mwingine kwenye benchi kama hilo.

Nianze na uji. Ugonjwa huu hupanda. Huanza miguuni, huja mikononi, na kwa baadhi ya watu hufika usoni, kooni na kwenye misuli ya kifua. Mgonjwa anayezungumza kwa puani na kupaliwa anatuambia kwamba umeshafika kooni, na baada ya koo jirani yake ni pumzi. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya maji ya mgongo na kabla ya mabishano: mwambie muuguzi wa zamu sasa hivi, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, na usimpe tena kitu chochote kwa mdomo, hata maji ya kijiko, mpaka wampime umezaji wake. Watamwekea mpira wa puani wa kumlishia. Uji ukiingia kwenye mapafu ya mtu asiyeweza kukohoa kwa nguvu, nimonia inamalizia kazi ambayo ugonjwa wenyewe usingeimaliza.

Kati ya wagonjwa kumi wa Guillain-Barré, wawili hadi watatu hufika mahali pa kuhitaji mashine ya kupumulia kwa muda. Na hawafiki huko kwa kelele. Mtu wa pumu utamsikia anavyohangaika. Huyu hukaa kimya, misuli inachoka, na kile kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni 96 huku kifua kinaelekea kushindwa. Kwa hiyo usiliwazwe na ile namba peke yake. Fanya hivi: mwambie avute pumzi ndefu, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta tena, moja, mbili, tatu, mpaka pumzi imwishie. Andika alipofika. Rudia kila baada ya saa chache. Kama asubuhi alifika ishirini na jioni anaishia kumi na mbili, usisubiri daktari wa raundi, mfuate muuguzi. Tazama pia kama anaweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Shingo ikilegea, kifua hakiko mbali. Wauguzi wana vipimo vyao na wana wajibu wa kuvifanya, lakini wodi zetu unazijua, muuguzi mmoja na vitanda vingapi. Macho yako ni msaada wa kweli hapo.

Sasa mafua. Mama mkwe hakosei kushangaa. Watu wote Mwanza wanaugua mafua na hawapoozi. Ugonjwa huu kila mwaka huwapata mtu mmoja au wawili katika kila watu laki moja. Mkoa wa Mwanza, kwa sensa ya 2022, una watu wapatao milioni 3.7, na kwa hesabu hiyo utaona ni makumi ya watu kwa mwaka mkoa mzima. Mtu anaweza kuzeeka bila kumwona hata mmoja. Lakini katika wale wanaoupata, karibu theluthi mbili watakwambia waliugua kitu katika wiki chache zilizotangulia: mafua makali, kikohozi, au kuharisha. Virusi vya influenza vimo kwenye orodha, corona imo, na kinara wao ni bakteria mmoja wa kuharisha aitwaye Campylobacter. Jina la ugonjwa linatokana na madaktari wa Kifaransa waliowaeleza askari wawili wenye hali hii mwaka 1916, katikati ya vita. Kwa hiyo haukuletwa na mshirika wa dagaa.

Kinachotokea, mweleze mama mkwe hivi, maana yeye ni Msukuma na ataelewa upesi. Kinga ya mwili ni sungusungu. Mwizi ameingia kijijini, ambaye ni kirusi cha mafua, yowe limepigwa, sungusungu wametoka na kumfukuza. Kazi imeisha, lakini bado wana hasira na bado wanazunguka, na wanamkuta jirani amevaa shati la rangi ileile. Wanamshukia yeye. Jirani huyo ni mishipa ya fahamu ya mumeo, ile inayopeleka amri kwenye misuli na kurudisha hisia kutoka kwenye ngozi. Ndiyo maana aliumwa, akapona, kisha ndio miguu ikaanza. Na ndiyo maana ndala ilivuka bila yeye kujua: mguu haukuwa na nguvu ya kuinua vidole, wala nyayo haikuleta habari.

Kuhusu chanjo, nitakwambia ukweli mzima, kwa sababu jambo hili likifichwa ndipo uvumi unapokua. Chanjo ya Janssen, ambayo ndiyo ya kwanza kuletwa Tanzania Julai 2021, ilionekana kuongeza kidogo sana uwezekano wa Guillain-Barré, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwezi huohuo. Lakini visa hivyo vilijitokeza ndani ya wiki sita baada ya kuchomwa. Chanjo ya 2021 haiwezi kungoja miaka yote hii ndipo imwangushe mtu wiki chache baada ya mafua. Ndugu huyo aliyeitaja chanjo mwambie hivyo bila kumdhihaki, kwani hakutunga.

Maji ya mgongo. Hofu hii naijua, nimepigana nayo maisha yangu yote ya kazi. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo huletwa akiwa hoi, anachomwa sindano ya mgongo, anafariki, na familia inakumbuka sindano. Inasahau kwamba aliletwa siku ya tano. Sindano ile huingizwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia na imebaki mishipa inayoelea kwenye maji. Wengine huumwa kichwa siku chache baadaye. Kwa ugonjwa wa mumeo, wanachotafuta ni maji yenye protini nyingi lakini yasiyo na chembe nyingi za kupambana na vijidudu. Na ujue, wiki ya kwanza maji yanaweza kutoka ya kawaida kabisa na bado ugonjwa ukawa ndio huo, kwa hiyo ndugu wasije wakasema "si tuliwaambia".

Kuna sababu nyingine ya maji hayo ambayo sisi wa ziwani inatuhusu kuliko watu wa Dodoma. Kichocho. Mayai ya minyoo ya kichocho cha tumbo, ambacho kimejaa kwenye fukwe zetu na visiwani, mara chache hukwama kwenye uti wa mgongo na kupooza miguu ya mtu ghafla. Kwa nje wawili hawa wanaweza kufanana siku za mwanzo, ila tiba zao hazifanani: kichocho cha uti hutibiwa kwa prazikwanteli pamoja na dawa za jamii ya steroidi, wakati Guillain-Barré steroidi hazimsaidii mgonjwa. Kwa mumeo mikono imelegea na koo limeanza, na hayo yanaelekeza kwa Guillain-Barré. Lakini mwambie daktari wazi kwamba mgonjwa ni mtu wa ziwa, anaingia majini kupokea mitumbwi, na kama mkojo unamzuia au kuna mstari kiunoni ambapo ganzi inaanzia, lisemeni leo. Daktari hawezi kujua kazi ya mtu kwa kumwangalia.

Dawa ya bei kubwa ni kingamwili zilizochujwa kutoka kwenye damu ya watu wengi waliojitolea. Hupimwa kwa uzito: gramu 0.4 kwa kila kilo, kila siku, kwa siku tano. Mtu wa kilo 70 atatumia gramu 140, na chupa nyingi ni za gramu 5, kwa hiyo ni chupa 28. Sasa unaelewa bei inatoka wapi. Njia ya pili ni kusafisha damu kwa mashine, kuondoa majimaji yaliyobeba wale sungusungu waliopotoka; matokeo yake ni sawasawa na ya dawa, na kufanya zote mbili mfululizo hakuongezi faida. Muulize daktari ipi inapatikana. Kwetu Kanda ya Ziwa ngazi ya juu ya rufaa ni Bugando. Kama mlipo si hapo, uliza kama rufaa inahitajika na kama wanacho kitanda kwenye chumba cha mahututi. Dawa hufaa zaidi ikianza ndani ya wiki mbili tangu miguu ilegee. Kama mna bima, peleka kadi leo. Kama hamna, usiuze mtaji wote usiku huu kabla hujaenda ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini. Afisa wao ndiye anayeshughulikia misamaha na malipo ya awamu, na watu wengi hutoka hospitali bila hata kujua mlango wake uko wapi.

Na ikishindikana kabisa kuipata? Mwanangu, wapo wengi waliopona bila dawa hiyo, kwa ulinzi tu wa wodini. Waliangaliwa pumzi, wakapimwa presha na mapigo ya moyo mara kwa mara (huu ugonjwa huyayumbisha yote mawili), wakageuzwa kila saa mbili, wakachomwa sindano ya kuzuia damu kuganda miguuni. Hupona polepole zaidi, lakini hupona. Ambaye hana nafasi hiyo ni yule aliyetolewa wodini wiki ya pili.

Hapo sasa tumfikie shemeji na gari lake. Unaniuliza kama uwaache wamchukue. Mimi nakuuliza: mumeo amesema nini? Katika barua yako yote mama mkwe ana neno, shemeji ana neno, hata jirani wa shemeji ana neno. Yeye, mwenye mwili, hajaulizwa. Ugonjwa huu haugusi akili. Anasikia, anaelewa, anajua jina la kila anayebishana juu ya kitanda chake, na naamini nusu ya machozi yake ya usiku ni hayo. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayekubali au kukataa matibabu yake, si kaka yake. Mwite daktari, waite ndugu, mbele yao wote aelezwe ugonjwa, maji, dawa na hatari ya safari, kisha aulizwe. Sauti ikiwa imeisha, kubalianeni: kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Akisema habanduki hapo, hakuna wa kumsainia.

Kwa mama mkwe zungumza peke yako, chini, kwa adabu zote, na usimtukanie imani yake, maana ukifanya hivyo umempoteza. Mwambie: "Mama, kuomba tutaomba hapa kitandani. Mambo mengine ya nyumbani yanaweza kungoja atakapotembea. Ila mama, safari haiwezekani, hapumui vizuri." Mweleze picha ilivyo: mtu asiyeweza kumeza, ndani ya gari, hakuna oksijeni, akifika anapewa dawa ya kunywa. Ile dawa haitakwenda tumboni. Kama kuna mjomba au mzee wa ukoo anayesikilizwa zaidi yako, mpigie yeye leo, usingoje kesho gari liwe mlangoni.

Maumivu ya mgongo ni sehemu ya ugonjwa, wala hayakuletwa na godoro. Mishipa inayopigwa ndiyo inayouma, na mara nyingi usiku huzidi. Panadol peke yake huwa haitoshi. Zipo dawa za maumivu ya mishipa kama gabapentini. Omba, tena kwa kusisitiza. Macho yake yakishindwa kufumba vizuri, omba dawa ya kuyalainisha yasikauke. Mikono na miguu mnyoshee taratibu kama mtaalamu wa viungo atakavyokuonyesha.

Watoto. Guillain-Barré hauambukizi. Kilichoambukiza ni mafua, na kwa kuwa wao walipona siku nyingi na wanacheza, lala usingizi. Ila nina neno kuhusu vidonge ambavyo mabibi huwapa wajukuu wenye homa: mtoto mwenye mafua au tetekuwanga asipewe aspirini, wala zile dawa za maumivu za mchanganyiko ambazo aspirini imo ndani. Ni nadra, lakini aspirini na virusi kwa mtoto vinaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaovimbisha ubongo na kuharibu ini. Panadol ya watoto, kwa kipimo cha uzito, inatosha. Na kwa kila mzazi anayesoma: mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla, kwa sababu yoyote ile, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Watachukua choo chake mara mbili kupima polio, na hilo ni la kila mtoto, hata ukijiona una hakika ameanguka tu.

Mbele yenu kuna miezi. Kulegea huendelea kwa wiki mbili, mara chache hufika nne, kisha husimama. Baadaye nguvu hurudi, kwa kawaida kuanzia juu kushuka, kwa hiyo mikono itamrudia kabla ya miguu, na msikate tamaa miguu ikichelewa. Baada ya miezi sita karibu wanane kati ya kumi hutembea bila kushikwa. Wapo wanaobaki na uchovu au ganzi ya nyayo kwa muda mrefu, na wapo wanaofariki, karibu watano katika mia, wengi kwa pumzi, moyo au maambukizi. Sikufichi, kwa sababu hayo matatu ndiyo yanayolindwa wodini.

Siku ya kuruhusiwa ikikaribia, usimrudishe Igogo juu ya mawe. Tafuteni chumba cha tambarare kwa muda, Igoma au Buhongwa, karibu na barabara ya daladala, kwa sababu atahitaji mazoezi ya viungo mara kwa mara na hataweza kubebwa mgongoni kila safari. Karatasi za hospitali zitunze zote kwenye bahasha moja, na kila daktari atakayemwona miaka ijayo, hasa kabla ya chanjo yoyote, aonyeshwe. Ukipata matokeo ya maji, nitumie ujumbe hata usiku.